Nilivyomsagia Rosaire Dawa

Jumatatu, 3 Novemba

Theluji ya kwanza imeanguka leo, nyepesi, ya kudanganya watoto. Nimeanza daftari hili kwa sababu huu ndio msimu wangu wa mwisho wa baridi kazini. Aprili ikiisha nastaafu, na sitaki kuondoka kama mtu aliyepita njia tu. Miaka thelathini na minane nimekuwa muuguzi, kumi na tisa ya mwisho katika nyumba hii ya wazee iliyo juu ya mto, vitanda thelathini na viwili, na zamu ya asubuhi ni yangu. Muriel Daigle ndiye mkuu wa wauguzi, lakini Muriel anashika kalamu. Wagonjwa nawashika mimi.

Leo tumempokea Rosaire Michaud. Nani hapa hamjui Rosaire? Amelima viazi tangu ana miaka kumi. Mwezi uliopita, wiki ya mwisho ya kuvuna, alianguka ndani ya ghala lake, kiharusi. Upande wa kulia umekufa, koo halimezi, na ulimi umebakiwa na neno moja: "Haya." Ukimuuliza kama ana maumivu, haya. Ukimuuliza kama anaiona theluji, haya. Hospitalini walimtoboa tumbo wakamwekea mrija wa chakula.

Mkewe Aldea tulisoma naye darasa moja kwa masista. Alinishika mkono pale mlangoni, hakutaka kuuachia. Kule hospitali mrija uliziba mara mbili, na mara ya pili ikabidi wauvute na kuweka mwingine, Rosaire akalia kwa sauti. Miaka hamsini na mmoja ya ndoa, Aldea hakuwahi kumsikia akilia.

"Florine, mwenzangu, nakuomba. Usiuache uzibe tena."

"Kwangu mimi mrija hauzibi," nikamwambia. "Waulize watu."

Ndipo akaniachia mkono.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma faili lake. Miaka minane iliyopita Rosaire alitokwa na damu tumboni, vidonda, nusura afe. Sasa yuko kwenye aspirini kwa ajili ya kiharusi, na aspirini na tumbo lake hawapatani. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chakula lazima apewe kapsuli moja ya kupunguza asidi. Asipoipata vidonda vitafunguka. Daktari amepiga mstari chini ya maneno hayo, na mstari mwingine chini ya mstari.

Ndani ya kapsuli hizo mna chembe nyeupe, ndogo kama mbegu za haradali, na hizo ndizo huziba mirija. Lakini mimi nina ufumbuzi: kinu kidogo cha mawe alichoniachia mama, alichokuwa akisagia viungo vya pai ya nyama ya Krismasi. Nafungua kapsuli, namwaga chembe, nasaga mpaka ziwe laini kama poda ya mtoto, natia maji ya uvuguvugu, nasukuma kwa bomba la sindano, nasuuza. Miaka kumi na tisa, hakuna mrija uliowahi kuziba mikononi mwangu. Kila aliyepita zamu yangu nimemfundisha hivyo hivyo. Kinu kinakaa juu ya kigari cha dawa, na ole wake atakayekitumia kupondea karanga.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji. Aldea amemletea soksi alizofuma. Rosaire: haya.

Jumatatu, 17 Novemba

Nusu ya wasaidizi hawajaja, eti wana mafua. Mafua yenyewe yana pembe na yanakimbia msituni, na wao wako nyuma yake na bunduki. Nimeogesha watu kumi na mmoja peke yangu.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu kama kadibodi. Rosaire ameongezeka ratili mbili.

Jumatano, 3 Desemba

Wametuletea muuguzi wa mkataba kutoka kusini mwa jimbo. Jolene Pinkham, miaka thelathini na kitu, viatu vya kijani. Asubuhi nilimwita atazame ninavyomhudumia Rosaire, ajifunze. Nikaanza kusaga. Akakunja uso.

"Dada Florine, samahani. Unazisaga hizo?"

"Nazisaga. Kwani kwenu mnazipiga picha?"

Wasaidizi wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hizo chembe zimevikwa ganda makusudi," akasema. "Ganda ndilo linaloipitisha dawa tumboni salama mpaka kwenye utumbo. Ukilivunja, asidi inaiua dawa kabla haijafanya kazi. Mgonjwa anakuwa kama hajapewa kitu."

"Na zikiziba mrija, utauzibua kwa ulimi?"

"Unaziacha nzima, unazitia kwenye juisi ya tufaha, unasukuma kwa bomba kubwa, taratibu. Au tumwombe daktari abadilishe, ipo ya kuyeyuka kwenye maji. Hata karatasi ya ndani ya boksi inasema."

Karatasi ya ndani ya boksi! Hizo huwa natupa zikiwa bado zimekunjwa, maandishi ya kusomwa na sisimizi. Nikamuuliza mbele ya wote, "Mwanangu, tangu umefika umemwona nani humu aliyekufa kwa kusagiwa dawa?" Nikamaliza kusaga.

Mchana akaenda kwa Muriel. Muriel amemwambia jambo hilo litazamwe baada ya sikukuu.

Jumamosi, 6 Desemba

Baridi kali. Mto umeanza kushika barafu kandokando. Jolene hajanisalimia, na mimi sikumsalimia.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo ameniambia tena, safari hii mbele ya kitanda cha Rosaire. Nikamwambia, "Basi fanya, tuone." Nikasimama pembeni, mikono kifuani. Alichukua juisi ya tufaha kwenye friji ya wagonjwa, akatia chembe nzima, akavuta kwenye bomba, akasukuma. Nusu ikapita. Nusu ikagoma. Akajaribu maji ya moto, akajaribu kuvuta nyuma, uso umemwiva. Mrija umeziba kabisa kama umetiwa saruji.

Nje tufani ya theluji imeshaanza. Gari la wagonjwa lilichukua karibu saa tatu kufika hospitali, njia ambayo siku nyingine ni saa moja na nusu, na Aldea akiwa nyuma ya gari amemshika Rosaire kichwa. Wamemvuta mrija na kumwekea mwingine. Waliporudi jioni Aldea alimkuta Jolene koridoni akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe usimguse tena mume wangu." Jolene alitaka kujieleza, lakini Aldea alishapita. Muriel amemhamishia upande wa pili, kwa wale waliopotewa na kumbukumbu.

Nimefurahi. Hili ni daftari langu na sidanganyi humu: nimefurahi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimefanya kazi ili wenye watoto wapumzike. Nimemsagia Rosaire dawa yake, nikamwimbia kidogo. Haya, akasema.

Alhamisi, 8 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Magari mawili ya wafanyakazi hayakuwaka. Rosaire amekuwa mweupe midomoni. Nimemtoa damu ya kupima.

Jumatatu, 12 Januari

Majibu: damu imepungua. Daktari kwa simu ameagiza dawa ya maji ya madini ya chuma, ipitie mrijani mara mbili kwa siku. Akaniuliza, "Ile ya asidi anaipata?" Nikamjibu, "Kila asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe."

Alhamisi, 15 Januari

Kinyesi cheusi. Ni chuma, hugeuza rangi. Nimeandika kwenye chati: chuma.

Jumatatu, 19 Januari

Cheusi. Chuma.

Alhamisi, 22 Januari

Theluji imefika usawa wa madirisha. Jolene alipita koridoni msaidizi akitoa shuka za Rosaire, akasimama. Akanifuata kwenye chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Dada Florine, huo weusi unanata kama lami. Na una harufu. Chuma hakinuki hivyo."

"Wewe utaifundisha pua yangu? Pua hii ina miaka thelathini na minane kazini."

"Basi iulize hiyo pua."

Jeuri gani hii! Nilimfukuza. Harufu niliisikia, ile tamutamu ya damu iliyopikwa tumboni. Nimeijua tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini anapata dawa yake kila siku, hawezi kuwa anavuja damu. Kama anapata dawa yake, ni chuma. Nimeandika: chuma.

Jumanne, 27 Januari

Aldea anasema mikono ya Rosaire ni ya baridi. Nimemwambia kila kitu hapa ni cha baridi.

Jumatano, 4 Februari

Theluji. Chuma.

Alhamisi, 12 Februari

Nimerudi nyumbani na koti langu liko kwenye ndoo.

Saa nne asubuhi nilikuwa namgeuza Rosaire na msaidizi mmoja. Akanishika ukosi wa koti la kazi kwa mkono wake mzima, akanitazama, akasema "Haya, haya, haya," haraka haraka, kama mtu anayeita ng'ombe. Kisha akatapika. Si chakula. Ni kitu cheusi-kahawia, chembechembe, kama machicha ya kahawa yaliyobaki chini ya birika, kingi, juu ya kifua chake na juu yangu. Kila muuguzi anakijua kitu hicho. Ni damu iliyokaa kwenye asidi. Nikavuta kwa bomba kwenye mrija, ikaja ileile, halafu ikaja nyekundu.

Nilipiga kelele kuita watu na wa kwanza kuingia alikuwa Jolene, amekimbia kutoka upande wa pili. Alimgeuza ubavu, akamsafisha mdomo, akamwekea oksijeni, mimi nikatafuta mshipa. Mishipa ilikuwa imelala. Nilikosa mara tatu, mimi Florine ambaye huitwa unapotafutwa mshipa wa mtoto. Jolene akaupata.

Aldea alifika wakati wanampakia garini. Aliiona ile shuka. Akajishika mdomo kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilidhani ni hofu ya kawaida. Nikamwambia, "Panda, panda naye," akapanda bila kunitazama.

Jumamosi, 14 Februari

Rosaire amefariki saa sita mchana. Wamesema kidonda kilikuwa na upana wa sarafu na damu ilikuwa inavuja wiki nyingi.

Wiki nyingi.

Jumanne, 17 Februari

Tumemwombea Rosaire, hatujamzika. Ardhi imeganda futi nne. Jeneza lake limewekwa kwenye chumba cha mawe cha makaburini pamoja na wengine saba wa msimu huu, mpaka Mei, udongo ukubali.

Baada ya misa, kwenye ukumbi wa kanisa, watu wanakula sandwichi, Aldea akanivuta mpaka kwenye chumba cha makoti.

"Nina jambo, na lazima nikuambie wewe. Mimi ndiye niliyemuua."

"Aldea, acha hayo."

"Nisikilize. Kila mchana nikija na chupa yangu ya kahawa, nilikuwa nachovya ncha ya kijiko namwekea ulimini. Nyinyi mlikataza kitu chochote mdomoni, najua, niliona bango. Lakini alikuwa akinitazama, Florine! Alikuwa anafumba macho kwa utamu. Nikasema tone litamfanya nini? Na siku ile nikaiona kahawa yote imerudi. Nimeiona kwa macho yangu, kwenye shuka. Kahawa yangu ndiyo iliyomtoboa tumbo."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilitakiwa kusema palepale: hiyo siyo kahawa, ni damu, damu ndiyo huwa hivyo. Sentensi moja. Badala yake nikasema, "Pole, mwenzangu, pole." Watu wakaja kuchukua makoti yao na mimi nikaondoka nao.

Alhamisi, 19 Februari

Aldea amemwambia Muriel habari ya kahawa. Muriel ameiandika kwenye ripoti: familia ilimpa mgonjwa vitu kwa mdomo kinyume cha maagizo. Alipoinua uso alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alhamisi, 26 Februari

Jolene alinikuta kwenye chumba cha dawa nikiwa na kinu mkononi. Tuna wagonjwa wengine wawili wa mrija wanaotumia kapsuli hizo. Nilitegemea atanipasulia ukweli usoni, na haki angekuwa nayo. Yeye alichukua boksi jipya, akatoa ile karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya kigari, akaweka kidole kwenye mstari, akatoka.

Nikavaa miwani. Chembe zisisagwe wala zisitafunwe. Mstari wa kwanza kabisa wa maelekezo, na neno "zisisagwe" limekolezwa wino.

Sikuamini bado. Ndivyo nilivyo, kichwa kigumu tangu tumboni mwa mama. Nimekuja na kapsuli mbili nyumbani. Nimemwaga siki kwenye glasi mbili. Moja nimetia chembe nzima, ya pili nimetia zilizosagwa. Nikakaa mezani kuzitazama. Zile nzima zimekaa chini, nyeupe, zimetulia. Zilizosagwa zimechafua siki nzima, na baada ya robo saa ikaanza kugeuka rangi, njano, kisha hudhurungi, kisha rangi ya jeraha bichi. Dawa ilikuwa inakufa mbele yangu kwenye glasi ya mezani.

Siku mia moja na moja nilimpa Rosaire kitu hicho. Nilisaga kwa bidii. Nilisaga kwa upendo.

Na kuna jingine, niliandike sasa. Ile juisi ya tarehe kumi na moja Desemba. Kwenye friji tunaweka juisi za aina mbili, ya kawaida na ile iliyotiwa unga wa kuifanya nzito kwa ajili ya wanaopaliwa. Maboksi yanafanana, tofauti ni kifuniko cha buluu. Jolene alikuwa mgeni. Nilimwona akichukua lenye kifuniko cha buluu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono kifuani. Nilinyamaza.

Jumatatu, 2 Machi

Nilikwenda kwa Muriel, nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Basi tuache kusaga. Nitaagiza ile ya kuyeyuka. Kuanzia leo."

"Na Aldea?"

"Aldea kafanya nini?"

"Anadhani amemuua mumewe."

Muriel akavua miwani. "Florine, kahawa alimpa. Hilo ni kweli, amesema mwenyewe. Umebakiza wiki nane. Unataka ukafie mbele ya bodi ya wauguzi? Unataka hii nyumba ifungwe, hawa wazee wapelekwe wapi? Na Rosaire atafufuka?"

Nilikuwa na hasira naye mpaka nikafika kwenye gari. Ndani ya gari nikagundua nimepumua. Nilikuwa nimekwenda kuambiwa ninyamaze.

Jumanne, 10 Machi

Theluji.

Jumatano, 11 Machi

Theluji. Nimemwomba Jolene msamaha kwa habari ya juisi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Yule mama anajua?" Nikasema bado. Akaendelea kukunja taulo.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemkuta jirani yake Aldea dukani. Anasema Aldea hapiki, taa hawashi, birika la kahawa amelitupa kwenye theluji nyuma ya nyumba na bado linaonekana. Ameungama kwa padri mara tatu dhambi ileile. Padri amemwambia ameshasamehewa, naye anarudi tena.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Watu wote wamepanga mstari kwenda komunyo. Aldea alibaki amekaa kwenye benchi, peke yake katika safu nzima, akiangalia magoti yake. Nilipita kando yake nikaenda kupokea. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua badala ya theluji. Wamenionyesha keki watakayoniagizia siku ya kuniaga. Nikasema yoyote.

Jumamosi, 18 Aprili

Usiku wa kuamkia leo barafu ya mto imevunjika, mabonge yanagongana mpaka ng'ambo ya Kanada. Asubuhi nimekwenda kwa Aldea kabla sijabadili mawazo. Sikuvua hata buti vizuri.

Amekonda. Alinipa kiti, hakunipa kitu cha kunywa. Niliweka karatasi mezani na boksi tupu la dawa, nikamwambia yote kwa mfululizo, maana ningesimama pale ningekwama. Kapsuli, chembe, ganda, kinu. Kwamba alichokiona kwenye shuka ni damu, na damu ikikaa tumboni huwa hivyo kwa kila mtu, anywe kahawa asinywe. Kwamba kidonda kilivuja tangu Januari na mimi niliisikia harufu nikaandika chuma. Kwamba Jolene alinionya. Juisi nayo nikamwambia.

Nilipomaliza aliuliza, "Kahawa je?"

"Kahawa haikumfanya kitu, Aldea. Tone kwenye kijiko? Haikumfanya kitu chochote."

"Unanihakikishia."

"Nakuhakikishia."

Akalaza kichwa juu ya meza. Mabega yake yakatikisika muda mrefu, sikujua kama ni kilio au ni nini. Nilinyoosha mkono nimguse akautoa, hakuutoa kwa ukali, aliutoa tu kama mtu anavyoondoa kitu kisicho mahali pake.

"Wiki tisa," akasema akiwa bado ameinama.

"Ndiyo."

"Ulinikuta kwenye chumba cha makoti. Nilikuambia uso kwa uso. Ulijua?"

"Habari ya kusaga nilikuwa sijaijua. Ya damu nilijua."

"Ukasema pole."

"Ndiyo."

"Wiki tisa nimelala kwenye kitanda cha mwanamume niliyemuua, Florine. Pasaka umenipita pale kanisani. Niliona viatu vyako."

Nikamwambia nitaiandikia bodi, jina langu na lote nililofanya, na nitamlazimisha Muriel aifute ile ripoti. Nikasema samahani. Neno lilitoka dogo, nikaona haya. Aliinuka, akachukua ile karatasi, akavaa miwani ya Rosaire iliyokuwa dirishani, akaisoma mstari kwa mstari mpaka mwisho, upande wa pili pia. Mimi ambaye niliitupa miaka kumi na tisa.

Kisha akaikunja, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mayai:

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wewe mwenyewe uliniambia mlangoni. Waulize watu, ulisema. Miaka kumi na tisa. Uliwasagia wangapi?"

Naapa, tangu Februari nilikuwa nikimfikiria Rosaire peke yake. Nilikaa kwenye kile kiti na nyuso zikaanza kuingia.

"Nenda ukawahesabu," akasema Aldea. "Wana watu wao, hao."

Akanifungulia mlango.

Jumapili, 19 Aprili

Sikwenda misa. Nimekaa mezani tangu asubuhi na kalamu. Faili za zamani ziko kazini, lakini kichwa changu hakisahau mgonjwa, nimejisifia hilo maisha yangu yote. Naandika kwa namba wote wa mrija waliokuwa kwenye dawa hiyo, chumba, mwaka, na tulichoandika siku walipokufa. Si wote walikufa kwa hili. Wengine wangekufa tu. Sijui ni yupi na yupi, na sasa hakuna wa kujua.

Tano: Simone Lagasse. Tuliandika moyo.

Tisa: Bi. Corriveau aliyekuwa akishona. Damu yake ilipungua, tukampa chuma.

Kumi na tatu: padri mstaafu, Adrien Plourde, aliyetapika siku ya Jumapili ya Matawi.

Kumi na nne: Omer Lajoie, chumba cha mwisho. Kinyesi cheusi siku tatu. Binti yake aliniuliza koridoni kama kuna jambo la kufanya. Nilimwambia ni uzee tu, akanikumbatia, akanishukuru.